Naomba ushauri: uimarishaji hasi na adhabu vinanichanganya

Wakuu, habari zenu. Nimeanza kusoma saikolojia. Pavlov, yule mwanasayansi wa majaribio ya mbwa, hanisumbui: mbwa anasikia mlio, chakula kinafuata, mwishowe mlio peke yake unamtoa mate. Kazi iko kwa Skinner, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi matokeo yanavyobadilisha tabia. Panya akibonyeza wenzo, umeme unaompiga unakatika, basi safari nyingine anawahi kuubonyeza. Huo ni uimarishaji hasi (tabia inaongezeka kwa sababu kero imeondolewa), sawa.

Sasa chukua mtoto anayelia mpaka mama anampa simu, kelele zinaisha. Naona mtoto kaimarishwa kwa kupewa, mama kaimarishwa kwa kuondolewa kero, yaani wote wamefunzwa kwa mpigo (na kesho kilio kiko palepale). Niko sahihi? Na kwenye mtihani, ili kuutofautisha uimarishaji hasi na adhabu (inayopunguza tabia), mnaanza kuangalia lipi: tabia imeongezeka, au kitu kimeondolewa? Mliopita huku naombeni msaada.