Pleti mbili za mili 5 ni sawa na moja ya mili 10 mbele ya risasi?

Mgosi_Ngamiani:
Wakuu, hapa kijiweni Ngamiani tumebishana mpaka kahawa imepoa. Jamaa mmoja anasema ukibananisha pleti mbili za mili 5 ni sawasawa na moja ya mili 10, chuma ni chuma, risasi haijui hesabu. Mi nikakataa, ila kuulizwa kwa nini nikabaki natoa macho tu. Nisaidieni, huyu bwana leo hatatulaza.

FundiSpringi:
Mgosi uko sahihi. Nenda gereji kachungulie springi za Fuso, vile vyuma vimepangwa kimoja juu ya kingine makusudi ili zinepe, kingekuwa kipande kimoja nene vile gari ingeruka kama mbuzi. Pleti nazo ndo hivyo, kila moja inajikunja kivyake na kuteleza juu ya mwenzake. Ukakamavu, yani kukataa kunepa, unafuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Piga 5x5x5 unapata 125, 10x10x10 unapata 1000. Mbili ni 250, yani ukakamavu robo tu.

Binti_Raskazone:
Kaka fundi hiyo robo ni ya kunepa, haina maana risasi inapita kirahisi mara nne. Angalieni na pua ya risasi. Ya ncha kali inasukuma chuma pembeni, hapo pleti moja nene kwa kawaida inashinda. Ila butu inakata kizibo kama panchi inavyotoboa karatasi, na hapo mbili nyembamba zinaweza kufanya vizuri zaidi maana zinavutika kwanza kabla ya kukatika.
Halafu tabaka zinanoga zikiwa tofauti. Tupa ni ngumu lakini ukiipiga nyundo inakatika, chuma laini kinapinda tu. Sasa weka ugumu wa tupa mbele uvunje risasi, ulaini nyuma uzuie ufa, ndo ujanja wa kiwanda cha chuma cha Krupp kule Ujerumani miaka ya 1890 kwenye meli za vita, japo wao walifanya ndani ya pleti moja.

Mgosi_Ngamiani:
Na zikiachana kidogo, hewa katikati?

FundiSpringi:
Hapo ndo penyewe. Ya kwanza inaipindua risasi au kuivunja, ya pili inapigwa ubavu. Vifaru vya Wajerumani 1943 vilifungwa mabati ya mili 5 ubavuni, mbali na bodi, kuzuia bunduki za Warusi za kutobolea vifaru.

Mgosi_Ngamiani:
Asanteni, springi ndo imenimaliza. Nimemsomea jamaa yote, eti na yeye tangu mwanzo alikuwa anazungumzia risasi butu 😂