Bima kubwa, bima ya mtu wa tatu au kujishikiza kwa kampuni: ipi inamfaa mwenye lori moja?

Mleta mada

Wakuu, ninamiliki lori moja lenye tela, ninaliendesha mwenyewe, na marejesho ya mkopo wake yanakaribia kwisha. Bima nayo inaisha karibuni, na mbele yangu kuna njia tatu: niendelee na bima kubwa, inayolifidia hata lori langu, nishuke hadi bima ya mtu wa tatu inayotakiwa na sheria, na tofauti ya ada niiweke akiba, au nijishikize kwa kampuni ya usafirishaji itakayonikatia bima na kunitafutia mizigo, huku ikichukua sehemu ya kila malipo. Ningependa kusikia kutoka kwa waliozipima njia hizi kwa hesabu, si kwa hofu ya ajali peke yake.

Mchangiaji wa kwanza

Soma kwanza mkataba wa mkopo, kwa kuwa wakopeshaji wengi hudai bima kubwa hadi rejesho la mwisho. Baada ya hapo, jiulize kama lori likiungua usiku wa leo utaweza kununua jingine. Bima ya mtu wa tatu huwafidia wengine uliowadhuru, lakini gari lako hailigusi. Mwenye malori ishirini anaweza kubeba hasara ya moja kwa mapato ya yale kumi na tisa. Wewe huna pa kuegemea, na akiba unayoisema itachukua miaka kufikia bei ya lori. Mimi ningebaki na bima kubwa, ila ningekubali kujilipia mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya kila hasara ili ada ipungue. Akiba yako inaweza kubeba taa na bampa. Haiwezi kubeba lori zima.

Mchangiaji wa pili

Ninakubaliana naye, lakini bima kubwa ina mitego yake. Baadhi ya watu hupunguza thamani ya gari kwenye fomu ili ada ishuke, wakasahau kwamba, pale mkataba unapokuwa na kanuni ya uwiano, gari lililokatiwa bima kwa asilimia 60 ya thamani yake hufidiwa asilimia 60 tu ya hasara, hata kama kilichoharibika ni mlango mmoja. Kupandisha thamani nako hakusaidii, kwa kuwa bima ya kawaida hulipa bei ya soko ya siku ya ajali. Hakikisha pia kwamba tela limetajwa kwa namba yake, na ukumbuke kuwa mzigo huhitaji bima yake. Mapato unayokosa lori likiwa gereji, kwa kawaida, hayalipwi na yeyote.

Mleta mada

Nashukuru. Je, kuhusu kampuni? Makato yao yananitisha.

Mchangiaji wa tatu

Usiyatazame makato peke yake. Tazama kilomita unazotembea tupu. Tuchukue mfano. Ukiwa peke yako, katika kila kilomita 100 unabeba mzigo kilomita 60. Kampuni ikikufikisha 80 na kukata asilimia 15, kwa nauli ileile unabaki na malipo ya kilomita 68, kabla hata ya kuhesabu ada ya bima uliyoepuka. Ikikufikisha 65 tu, unabaki na zipatazo 55, na hapo ni bima peke yake inayoweza kuokoa mpango huo. Kwa hiyo waombe wakuonyeshe mizigo ya kurudi waliyowapatia wengine.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mnazungumzia ada inayolipwa mara moja kwa mwaka, wakati dizeli inalipwa kila siku. Ukizidisha mwendo kutoka kilomita 80 hadi 90 kwa saa, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa takribani asilimia 27. Injini kubwa ikiunguruma gari limesimama hunywa karibu lita 3 kwa saa, na foleni ya kushusha mzigo inajulikana urefu wake.

Kisha kuna matairi. Pima upepo asubuhi yakiwa baridi, kwa geji, na usiliruke tairi la ndani katika yale mawili yanayokaa pamoja, ambalo valvu yake hufikiwa kwa shida. Wengi huligonga kwa nyundo na kuridhika na mlio. Nyundo itakujulisha tairi lililokwisha upepo kabisa, lakini haitakutajia lililopungua kidogo, na hilo ndilo linalopata joto, kula dizeli na hatimaye kupasuka.

Mchangiaji wa pili

Nyongeza kwa mleta mada: kampuni ikikubali kukupokea, omba nakala ya bima yenyewe, usiridhike na maneno ya ofisini. Tafuta humo kama unalindwa unapoendesha kichwa bila tela, unaporudi nyumbani au kwenda gereji bila mzigo wao. Mara nyingi bima ya kampuni hufanya kazi ukiwa kazini kwao tu, na kwa safari hizo nyingine utatakiwa kujikatia bima yako, jambo ambalo lazima liingie kwenye ile hesabu ya 68 dhidi ya 60.