Shimo la changarawe kwenye uwanda wa mafuriko: je, mita 60 zinatosha?

Mkazi wa Mpiji:
Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa mito na sheria za mazingira. Upande wetu wa Mto Mpiji, unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, kuna tambarare ambayo masika yakikolea hufunikwa na maji, na kiangazi hulimwa mchicha na bamia. Mwenye eneo amempangishia mchimbaji, na sasa mashine ya kijiko inatoa mchanga na changarawe, malori yanapishana tangu alfajiri. Tulipolalamika tulioneshwa leseni, tukaambiwa kwamba shimo liko zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Je, umbali huo ukizingatiwa, mto unakuwa salama? Na visima vyetu vifupi je?

Fundi Mito:
Ndugu Mkazi, mimi ningeuliza kina kabla ya umbali. Uwanda wa mafuriko ni ardhi iliyotandazwa na mto wenyewe, na chini ya mchicha huo zimo njia ambazo mto ulipita zamani. Sakafu ya shimo ikiwa chini kuliko sakafu ya mto, mafuriko yanapovuka kipande cha ardhi kilichobaki katikati huporomokea shimoni, yakaanza kuula ukingo wa shimo kurudi nyuma kuelekea mtoni, na mvua ikiwa kubwa mto unaweza kuhamia humo kabisa. Ukishahamia, upande wa juu sakafu yake humomonyoka kwa sababu maji yamepata mteremko mkali. Upande wa chini, maji yaliyokwisha kuuacha mchanga wake shimoni huchota mwingine kwenye kingo na kwenye misingi ya madaraja. Kule Ureno, daraja la Hintze Ribeiro katika Mto Douro lilianguka Machi 2001 likaua watu 59, na uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulitajwa miongoni mwa sababu za nguzo yake kukosa msingi. Barabara ya Bagamoyo nayo inavuka Mpiji.

Kuhusu visima: changarawe ndiyo inayohifadhi maji yenu. Shimo likiyafikia, na mchimbaji akayatoa kwa pampu ili kijiko kifanye kazi pakavu, maji ya visima vya jirani hushuka. Pimeni wenyewe kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ambao mafundi hutumia kupata usawa wa msingi. Mkihama nao kwa hatua kutoka mtoni hadi shimoni mtajua kipi kiko chini.

Dereva wa Tipa:
Mkuu, maelezo yako nayaheshimu, lakini nani kati yetu anaishi katika nyumba isiyo na mchanga? Wapo vijana wengi wanaokula kwa kupakia. Isitoshe, mashimo ya wazi yakifungwa, watu huingia usiku mtoni kwenyewe na makoleo, na huko hakuna leseni wala wa kumuuliza. Tuambiwe tuchimbe wapi, si tuzuiwe tu.

Mwanasheria wa Mtaa:
Hoja ya ndugu Dereva ni ya kweli, na ndiyo maana nisingeomba shimo lifungwe, bali liwekewe ukomo wa kina. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli zinazoweza kudhuru kingo za mto. Hakisemi kwamba kuanzia mita ya 61 kila kitu ni halali. Leseni ya madini humpa mtu haki ya kuchimba, haimwondolei wajibu wa kulinda mazingira. Ombeni kuona mpango wake wa kuhifadhi mazingira, mtazame kama umetaja kina na namna ya kurudisha ardhi. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, hivyo msijione wachokozi.

Mkazi wa Mpiji:
Nashukuru sana. Tumepima, na sakafu ya shimo iko chini ya sakafu ya mto kwa zaidi ya kimo cha mtu. Pampu ipo, na maji yake yanamwagwa mtoni yakiwa tope tupu. Tuanzie wapi, serikali ya mtaa au Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu?

Mwanasheria wa Mtaa:
Andikieni Bodi, kwa sababu maji ya ardhini na kingo za mto ni eneo lake, nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa, ofisa mazingira wa manispaa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Ambatanisheni vipimo na picha za pampu ikifanya kazi, na mdai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Fanyeni hivyo kabla ya masika.