Mjadala: Mwanafunzi wa ukunga anayeona kipigo ni haki ya mume, aruhusiwe kuhitimu?

Mwanzisha mada
Wadau, nasimamia wanafunzi wa uuguzi na ukunga wakiwa kwenye mafunzo ya vitendo. Anakuja mjamzito, jicho limevilia damu, anasema aligonga mlango. Mwanafunzi anapima presha, anasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, anaita mwingine. Ukimuuliza mbona hakudadisi, anakujibu: "Mambo ya ndoa hayo." Wapo wanaomuuliza mama kabisa alimkosea nini mumewe.

Mawazo hayo wametoka nayo nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta Tanzania asilimia 58 ya wanawake na 40 ya wanaume wanakubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, mfano kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake ndio wengi zaidi! Na hiyo ni nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inatamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine.

Msimamo wangu: asiyeweza kumsikiliza mama aliyepigwa bila kumhukumu hajaiva, hata awe hodari wa kuzalisha. Apimwe kwa vitendo kama anavyopimwa kudhibiti damu baada ya mama kujifungua. Akifeli, arudie. Mnasemaje?

Muuguzi mstaafu, Tanga
Mwanangu, napinga. Mtihani utawafundisha kukariri jibu unalolitaka, wakishapata leseni wanarudi kulekule. Halafu kumbuka baadhi ya mabinti hao wamekua wakiona mama zao wakipigwa, na wengine wanapigwa wao wenyewe. Anayesema "avumilie" huenda ndivyo anavyojiambia kila siku. Huyo unamfelisha au unakaa naye chini?

Mkunga wa zahanati
Nyote mnatazama kichwa cha mwanafunzi, tazameni na chumba. Tunahimiza mama aje kliniki na mwenza wake, na sehemu nyingi waliokuja wawili huhudumiwa kwanza. Kwa kupima VVU imesaidia, sikatai. Lakini kama mume ndiye aliyempiga, basi ndiye huyo ameketi pembeni yake tunapomhoji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unataka mama aulizwe akiwa peke yake. Mimi nina chumba kimoja na pazia, na nje ya pazia kuna benchi la watu wanaofahamiana. Mwanafunzi hata awe na moyo wa dhahabu, atauliza wapi? Na mama akishasema, kuna PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, kuna nauli ya kwenda dawati la jinsia polisi, na jioni anarudi nyumba ileile.

Mwanzisha mada
Dada, la chumba nimelipokea. Ila mume anaweza kuombwa atoke mama anapopimwa tumbo, na hilo nalo linafundishika. Mama wa Tanga, sitaki kupima imani ya mtu. Napima anachomwambia mgonjwa. Mwongozo huohuo unataka wauguzi na wakunga wafundishwe huduma hii kabla hawajahitimu. Binti aliyeumizwa tumsaidie, nakubali kabisa, lakini mjamzito aliye mbele yake leo hawezi kungoja mpaka apone.

Mwanafunzi, mwaka wa pili
Shikamooni wakubwa. Sisi ndio mnaotujadili, naomba niseme. Darasani ukatili wa kijinsia tuliusoma kwa haraka, zaidi ni aina zake na namna ya kujaza fomu. Jinsi ya kumwuliza mama, hatukuwahi kufanya zoezi hata moja. Kisha wodini nikamsikia mkunga mzoefu, anayenisainia kitabu changu cha mazoezi, akimwambia mama mwenye michubuko shingoni arudi akamwombe mumewe msamaha. Nilinyamaza, maana sahihi yake ndiyo inayonivusha. Huo mtihani uleteni, mimi nitaufanya. Je, na wanaotusimamia nao wataufanya?