Bibi wa Kizanzibari kwenye nyumba ya wazee Uingereza: ananiita mdogo wake, dawa anafichiwa kwenye jamu. Nifanyeje?

Mwana Tanga (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nabeba boksi Uingereza, mwaka wa tatu sasa, nyumba ya wazee, kitengo cha wenye demensia, maradhi ya kusahau. Naomba ushauri. Wa matusi apite kimya kimya.

Tuna bibi wa miaka 86. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akapitia Mombasa, akaishia huku. Kiingereza alikijua, kafanya kazi ofisini miaka mingi, ila maradhi yamekikomba chote. Kimebaki Kiswahili cha mjini, kile cha zamani. Faili lake nililikuta limeandikwa kwamba jioni "hutoa sauti zisizo na maana". Siku ya kwanza nasogea, namsikia yuko mlangoni: "Watoto hawajaingia ndani na magharibi ndiyo hiyo. Nifungulieni, jamani." Nilikaa chini.

Ilikuwa Desemba, jua huku linazama saa kumi kasorobo. Wenzangu wanasema baridi ikija anazidi kuchanganyikiwa. Kumbe bibi wa watu anafuata jua lake tu.

Bafuni ndiko kuna vita. Anapiga, anang'ata, anatema mate. Mhudumu wa zamu mara nyingine ni mwanamume, na maji ya bomba la juu yanamshukia kichwani. Akaandikwa "mkali", daktari akampa risperidone, dawa ya magonjwa ya akili. Vidonge anavitema, sasa vinasagwa na kuwekwa kwenye jamu, na kijiko napewa mimi kwa kuwa kwangu anakula. Anafumbua mdomo, ananiita jina la mdogo wake, "ahsante mwanakwetu", anameza. Nami naitika kama ndiye huyo mdogo wake! Usiku sipati usingizi.

Kibali changu cha kazi kimefungwa kwa mwajiri huyu. Nikisema sana nitarudi Tanga na mkopo wa wakala haujaisha.

Kobe wa Changuu

Ndiyo matunda ya kuiga wazungu. Mzazi anatupwa kama gunia, analishwa na mtoto wa watu. Sisi Waafrika tunatunza wazee wetu.

Dada Shy

Kobe, Waafrika gani unaowasema? Mimi wa Shinyanga. Kwetu bibi akianza kusahau na macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, anaitwa mchawi, na tunajua wangapi wamekatwa mapanga kwa hilo. Mama yangu mkubwa nilimfungia chumbani kwa kufuli nikienda sokoni, miaka miwili, asije akapotelea barabarani. Hakuna aliyeniuliza ufunguo nimeutoa wapi. Mleta uzi, hilo la huko angalau ni kufuli lenye karatasi.

Nesi wa Usiku

Nipo kwenye nyumba hizi hizi miaka 11. Dada Shy kanitangulia. Mlango wa namba za siri unaomzuia bibi asitoke unahitaji kibali cha halmashauri, kinaitwa DoLS, na bibi anatakiwa awe na mwakilishi anayeweza hata kwenda mahakamani kwa niaba yake. Ulizia mwakilishi ni nani.

Dawa ya kuficha si kosa yenyewe kwa yenyewe, kosa ni kuifanya kienyeji. Kwanza ithibitike kwamba kwa jambo hilo hawezi kuamua. Kisha wakae daktari, mfamasia, nyumba na ndugu, iandikwe kwa nini, na tarehe ya kupitia upya. Mfamasia si pambo, kuna vidonge ukivisaga umeviharibu. Omba kuona hiyo karatasi kabla hujashika tena kijiko.

Risperidone kwa mgonjwa wa Alzaima, aina mojawapo ya demensia, imeruhusiwa huku kwa ukali usiokoma, kwa muda mfupi, hadi wiki 6, baada ya njia nyingine kushindikana. Inaongeza hatari ya kiharusi na kifo. Ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali mwaka 2009 ilikadiria watu 180,000 wenye demensia wakipewa dawa za kundi hilo kwa mwaka, walionufaika hawazidi 36,000, na vifo vya ziada vipatavyo 1,800. Bibi yako ameanza lini? Na mtu anayepigana bafuni tu, huo ni ukali au ana sababu?

Sasa shika hili. Sheria ya uwezo wa kuamua ya 2005 inasema mtu asihesabiwe hawezi kuamua mpaka zimechukuliwa hatua zote zinazowezekana kumsaidia. Alipopimwa, kulikuwa na mkalimani? Kama hakuwepo, walipima Kiingereza chake, hawakumpima yeye.

Kuhusu kibali sikudanganyi. Sheria ya 1998 inamlinda mfichuaji wa maovu kazini, na CQC, wakaguzi wa nyumba hizi, wanapokea taarifa hata ukificha jina. Lakini ukipoteza mwajiri kwa kawaida unabaki na siku 60 kupata mwingine, na soko la sasa unalijua. Usianze na mashtaka. Mwandikie meneja barua pepe: nimegundua anachosema kina maana, haya ndiyo maneno yake, naomba upitiaji upya wa mpango wake wa huduma. Tunza nakala. Akikaa kimya, nenda kwa halmashauri.

Mtoto wa Malindi

Masikini bibi yangu. Mtu wa umri ule kakulia kuoga kwa ndoo na kopo, kanga kifuani, mlango umefungwa. Leo umvue nguo mbele ya kijana wa kiume, umnyeshee mvua ya kichwa, asipige? Hata mimi ningepiga.

Mpe kopo ajimwagie mwenyewe. Mafuta ya nazi, marashi kidogo, asumini ukipata. Udi usithubutu, king'ora cha moshi kitawatoa nje nyote na mashuka. Chakula je, wanajua hali nguruwe? Uliza na hiyo jamu.

Tena kabla magharibi haijaingia, funga mapazia, washa taa zote, mwambie watoto wamo ndani.

Kobe wa Changuu

Mwambie watoto wamo ndani? Uongo huo.

Mtoto wa Malindi

Watoto wake si wamo ndani, mahali walipo? Mmoja ana miaka 60 keshalala.

Ustadh Nusu

Siko hapa kutoa fatwa. Marehemu baba alikuwa akimuulizia mama, tukimwambia kafa analia upya, kila siku msiba mpya. Tukaacha. Tukawa tunamuuliza, "Kwani mama alikuwa akikupikia nini?" Anasimulia hadi anasahau alichouliza. Hatukusema uongo wala hatukumzika mama mara mbili kwa siku. Jaribu hivyo kwa huyo mdogo wake.

Mwana Tanga

Marejesho, wiki ya tano. Barua pepe niliandika, nikaifuta mara nne, nikaituma. Meneja hakukasirika, alinyamaza siku sita tu (nilikonda). Fomu ya kumpima tumeiona: "hakujibu maswali". Mkalimani hakuwepo. Kikao kimefanyika, mwanawe yuko Kanada akaingia kwa video. Kiswahili hajui, alilelewa kwa Kiingereza. Akawa ananiuliza mimi mamake anasema nini, analia.

Wamepima upya kukiwa na mkalimani kwa simu. Mengi kweli hawezi kuamua, lakini alisema wazi hataki mwanamume bafuni, na limeandikwa. Dawa daktari anaipunguza kidogo kidogo. Jamu imebaki jamu.

Kopo nimenunua la plastiki, jekundu. Siku ya kwanza alijimwagia mwenyewe, halafu akanimwagia na mimi, akacheka hadi akashika ubavu. Baadhi ya jioni bado anagonga mlango. Kibali chake cha DoLS kipo, mwakilishi ni mwanawe, alikuwa hajui.

Akiniita mdogo wake naitika "labeka", kisha namuuliza habari za huyo mdogo. Inasaidia. Ila juzi alinishika mkono akaniuliza: "Nyumba yetu siku hizi inakaa nani?"

Hilo sijalijibu.

Mtoto wa Malindi

Mtaa gani?