Handaki la bibi: nilifukie au niliache?

MjukuuWaNewala:
Shikamooni wakubwa.

Nipo Newala, vijiji vya bondeni kuelekea mto Ruvuma. Hela ya korosho msimu huu imetosha kumjengea bibi jiko la tofali, maana la makuti linavuja mpaka ndani ya sufuria. Fundi alipopima, kamba ikapita juu ya shimo lililo nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho. Kasema lifukiwe. Bibi kasema afukiwe yeye kwanza.

Hilo shimo ni handaki. Babu alilichimba enzi za vita vya Msumbiji, ile ya 1964 hadi 1974, Frelimo wakipigana na Mreno ng'ambo, na ndege za Mreno wakati mwingine zikivuka mpaka huku. Bibi husimulia kidogo kidogo, mara nyingi akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Nguo nyeupe zilikuwa hazianikwi mchana. Mama yangu, mchanga wakati huo, alikuwa anatiwa titi mdomoni hata kama hataki, asilie. Babu alikuwa mrefu na alichimba kwa kimo chake, kwa hiyo bibi hakuweza kutoka bila kuvutwa mkono. Akifika hapo hucheka.

Sisi tuliligeuza jalala la mabibo yaliyooza. Mpaka Oktoba 2020, zilipotufikia habari za Kitaya, kijiji cha mpakani, kwamba watu wenye silaha wamevuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wameua na kuchoma nyumba. Bibi hakuuliza nani kafa. Aliuliza, "Lile shimo mmelijaza taka?" Alfajiri nilichukua jembe nikalisafisha, sikumwambia mtu.

Niseme ukweli, mimi nataka lifukiwe. Naona kuliacha wazi ni kama kuitandikia vita mkeka. Ninyi mngefanyaje?

Fundi_Mikindani:
Usijenge juu ya shimo lililofukiwa! Udongo ule utatitia masika ya kwanza tu, ukuta upasuke, halafu mseme mizimu ya babu. Sogeza kamba hatua nne. Fundi wako mvivu.

MzeeWaNyangao:
Marahaba, mjukuu wangu.

Huku kwetu, Vita Kuu ya Kwanza, Oktoba 1917, Mwingereza na Mjerumani walipigana siku nne pale Mahiwa. Mwingereza alileta askari mpaka kutoka Nigeria, Mjerumani naye alikuwa na askari wake weusi. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Babu yake baba yangu alibebeshwa mzigo katika vita hiyo, hata hatujui ulikuwa mzigo wa upande gani. Hakurudi. Askari wana sanamu yao Dar es Salaam tangu 1927. Sisi hatuna hata mahali pa kufagia.

Wewe unapo, halafu unauliza?

BintiNaliendele:
Mzee, kwa heshima zote, mimi ningefukia. Wajukuu watatumbukia humo.

Nimekulia jirani na makaburi ya wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Shuleni, Mashujaa ya 25 Julai ilikuwa kusimama juani tu, mimi nikiwazia soda. Kilichonibakia ni mama mmoja aliyekuja siku ya kawaida, hakuna bendera wala tarumbeta. Alikaa chini na kanga yake mpya, akawa anaongea na kaburi kama anaongea na mtu aliyechelewa kula. Kumbukumbu nadhani ni ile. Haihitaji shimo.

MzeeWaNyangao:
Binti, huyo mama alikuwa na kaburi la kukaa kando yake.

BintiNaliendele:
Hapo umenikamata, mzee.

MjukuuWaNewala:
Nimemsomea bibi yote. Habari ya mpagazi imemnyamazisha, akauliza jina lake nani. Mzee, kama mnalijua, nitumie, anataka kumuombea Ijumaa.

Kamba imesogezwa, fundi kanuna. Bibi ana haraka na jiko kwa sababu mdogo wake anakuja na wenzake kutoka Mueda, Msumbiji, watapita daraja la Mtambaswala, na hawajaonana tangu msiba wa babu. Wawili hao walikuwa wanaingia handakini pamoja.

Shimo linabaki. Binti, litawekwa mfuniko wa mbao, wajukuu wasitumbukie. Nilidhani tumemaliza, bibi akaniita tena: anataka na ngazi ndani, vipandio vifupi, safari hii kwa kimo chake yeye.