Tiba ya kisaikolojia mtandaoni kwa mtu ambaye siku nzima ni vikao: ipangwe vipi?

Mchapakazi_T:
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua tiba ya kuzungumza kwa njia ya mtandao. Kazi inaanza saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na baada ya hapo meseji za kazini haziishi. Dalili ni usingizi wa kukatika, moyo kwenda mbio kila barua pepe inapoingia, na hasira za karibu. Kikao kiwekwe saa ngapi ili kisiahirishwe kila wiki? Ni lazima video, au meseji zinatosha? Kompyuta ni ya mwajiri, je, kuna tatizo? Na mtu anajuaje kwamba inamsaidia?

Mnasihi_wa_Jioni:
Karibu mkuu. Nianze na saa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kikao cha kawaida ni dakika 50, ila kwenye kalenda funga dakika 80: 10 kabla na 20 baada. Zile 10 ni za kufunga barua pepe, kunywa maji na kuandika mstari mmoja tu: leo nataka tushughulikie nini. Ukiingia moja kwa moja kutoka kwenye kikao cha bajeti, robo saa ya kwanza inaishia kwenye kuripoti wiki ilivyokwenda, kwa sauti ileile ya ofisini, na jambo linalouma kweli unalitaja zikiwa zimebaki dakika 5. Dakika 20 za mwisho ni za kuandika mlichokubaliana na kuuacha mwili utulie. Mtu anayejua kwamba saa 8:00 kamili anaongoza mkutano hatajiruhusu kulia saa 7:45. Atajizuia, wiki ijayo atajizuia zaidi, na tiba itageuka maongezi ya kawaida.

Saa ya chakula cha mchana inavutia, lakini ndiyo ya kwanza kumezwa na mikutano. Kama unaweza, weka asubuhi kabla ya kazi, dharura za siku zikiwa bado hazijaanza. Usiweke usiku karibu na kulala, kwa kuwa usingizi wako tayari una shida. Siku ileile, saa ileile, kila wiki. Tiba ya utambuzi na tabia (ile ya kuchunguza na kubadili mawazo na mazoea yanayokuumiza) kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, na ukianza kwa kuruka wiki, nusu ya kila kikao itaishia kukumbushana mlipoishia. Kwenye kalenda ya ofisi andika "Miadi", ifanye ya binafsi, na uonyeshe kwamba haupo.

Jambo la mwisho, na ndilo linalopuuzwa sana na watu wenye shughuli nyingi: kazi ya kati ya vikao. Mfano, bosi ameandika saa 3 usiku, "Tuongee kesho." Pale pale andika kwenye simu: tukio (ujumbe huo), wazo lililokuja ("nimeharibu, naachishwa kazi"), hisia na ukali wake kati ya 0 na 100 (hofu, 85), ushahidi unaounga mkono wazo hilo, ushahidi unaolipinga, kisha pima hofu upya. Dakika 4 zinatosha. Usisubiri Ijumaa ndipo ukumbuke, kwa sababu utaandika maelezo yaliyopangwa vizuri ambayo hayana ile hofu ndani yake, na mtaalamu anaihitaji hiyo hofu.

FaraghaKwanza:
Kuhusu kompyuta ya mwajiri: usiitumie kabisa. Inaweza kuwa na programu ya usimamizi inayorekodi tovuti unazofungua, au hata kupiga picha za skrini. Kama mwajiri ameweka cheti chake cha usalama ndani ya mashine, anaweza kusoma hata mawasiliano yanayoonekana yamefungwa. Tumia simu yako, bando lako na barua pepe yako binafsi, na mwaliko wa kikao usipitie kalenda ya kazini.

Kuna kosa dogo lenye madhara makubwa: spika za masikioni za Bluetooth zilizounganishwa na vifaa viwili kwa pamoja. Uko katikati ya kikao, zinahamia kwenye kompyuta ya ofisi, na sauti ya mtaalamu inatoka kwenye spika ya simu. Tumia za waya. Chumba kikivujisha sauti, washa feni nje ya mlango, si ndani. Gari lililoegeshwa ni mahali pazuri, mradi injini imezimwa na hauko njiani kwenda popote.

Soma sera ya faragha kabla ya kujaza dodoso la kujiunga. Hatari yenyewe ipo: mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka BetterHelp, kampuni ya tiba mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook na Snapchat taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo, baada ya kuahidi kuzitunza. Huko Ufini, kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa vitisho wakitakiwa walipe. Kwa hiyo uliza: maandishi ya vikao yanahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani anayafungua? Kama mwajiri ndiye analipa, uliza kwa maandishi ripoti gani inamfikia.

Bint_Saikolojia:
Mchapakazi, kwa sonona na wasiwasi, tiba kwa video imechunguzwa sana na matokeo yake hayatofautiani mno na ya ana kwa ana. Sauti pekee nayo inafaa. Wengine husema mengi zaidi wasipotazamwa. Meseji ni za kukumbushana kazi ya wiki. Zisiwe tiba yenyewe, kwa sababu mtu unayemwandikia asubuhi huenda akajibu jioni, hofu ikiwa imeshapita au imeshazidi. Ukitumia video, ficha picha yako mwenyewe kwenye skrini. Kujitazama kunakurudisha kwenye hali ya mkutano.

Kupima maendeleo: jaza madodoso mawili mafupi, PHQ-9 ya sonona (alama 0 hadi 27) na GAD-7 ya wasiwasi (0 hadi 21), kabla ya kikao cha kwanza, kisha kila baada ya wiki 2, kwa kuwa maswali yake yanahusu wiki 2 zilizopita. Alama 10 au zaidi ni dalili za kiwango cha kati kwenda juu. PHQ-9 ikishuka kwa alama 5, hayo ni mabadiliko ya kweli. Vikao 6 vikipita bila alama kusogea, liseme wazi: ama mpango ubadilike, ama mtaalamu. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote juu ya 0 mwambie mtaalamu siku hiyo hiyo, usingoje kikao. Ukiona hauko salama, nenda hospitali iliyo karibu.

Usingizi una tiba yake mahususi ya utambuzi na tabia, kwa kawaida vikao 6 hadi 8 pamoja na shajara ya usingizi. Muulize mtaalamu kama ameisomea. Pia muone daktari walau mara moja. Tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo kwenda mbio na kukosa usingizi.

Mchapakazi_T:
Shukrani sana wakuu. Na mtandao ukikatika, au nikiwa safarini nje ya nchi?

Mnasihi_wa_Jioni:
Mkubaliane kikao cha kwanza: video ikikatika, nani anapiga simu ya kawaida, na baada ya dakika ngapi (mbili zinatosha). Video ikigandaganda, zima picha mbaki na sauti. Safari mtajie mtaalamu mapema, kwa sababu sehemu nyingi leseni yake huangaliwa kulingana na mahali ulipoketi wewe, si alipo yeye. Na kila kikao mwambie uko wapi hasa, pamoja na namba ya mtu wa karibu, ili likitokea la dharura ajue msaada autume wapi.